Ngozi Iliyotakiwa Kuoza

Mimi ni mchinjaji, na damu hainitishi. Nimechinja ng'ombe tangu sijaota ndevu, hapa hapa mtaani kwetu Lalbagh, na mtu akiniudhi mkono huenda kiunoni, kwenye kisu, kabla akili haijafika. Mke wangu anasema nitafia jela. Huenda. Lakini katika ukoo wetu aliyemwaga damu kwa ajili ya masomo ni mmoja tu, naye ni msichana mwenye miwani, mwepesi kuliko mbuzi wa Idi.

Huyo ni Shimu, binti wa kaka yangu Gafur. Jina la kwenye vyeti ni Mahbuba Akter, ila mtaani hakuna anayelijua. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea uhandisi wa kemikali, na kilichobaki ni tasnifu tu ili apate shahada yake. Sasa kaka yangu kazi yake ni kutia ngozi chumvi. Maisha yake yote amepokea ngozi mbichi, akazitandaza sakafuni na kuzimwagia chumvi kwa mkono wa kulia, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto. Katika joto letu la majira ya mvua, ngozi ikikosa chumvi asubuhi, jioni imeshaanza kunuka na manyoya yananyofoka yenyewe. Basi mfikirie alivyojisikia siku binti yake alipomwambia kwamba tasnifu yake inahusu kuhifadhi ngozi bila chumvi.

Shimu alimweleza kwa upole. Chumvi yote ile huishia mtoni, kisha kwenye mashamba ya mpunga, na mpunga unakufa. Tena kila Idi ya kuchinja ngozi nyingi huharibika kwa sababu chumvi imechelewa au imepanda bei. Yeye alikuwa amepika dawa yake, uji mzito wa majani ya mwarobaini uliochanganywa na unga mweupe wa maabara, na kwenye vipande vidogo ilikuwa imefanya kazi. Sasa alitaka ngozi nzima nzima. Nikamwambia asihangaike, nitampa za kwangu kutoka buchani.

"Zako hazifai, Baba mdogo. Umezichuna vizuri mno."

"Unanitukana au unanisifu?"

"Nataka zilizochunwa na karani wa benki, zikapigwa jua mchana kutwa. Hizo ndizo zinazooza."

Nilicheka, nikakubali kumkusanyia siku ya Idi. Kisha akamgeukia baba yake na kumwambia kwamba ngozi mbili hatazipaka kitu chochote. Hizo zilitakiwa zioze. Gafur aliacha kutafuna tambuu.

"Zioze? Ndani ya nyumba yangu?"

"Bila hizo sina cha kulinganisha, Baba. Walimu watasema hata zile nyingine zingepona zenyewe. Tasnifu yote itakuwa karatasi tupu."

Gafur akaitikia kwa kichwa. Namjua kaka yangu. Huitikia hivyo hivyo imamu anapohubiri jambo asilolielewa.

Hapa lazima nimtaje Rintu. Huyu ni kiongozi wa vijana wa chama katika kata yetu, kijana mwenye shingo nene na sauti ya taratibu. Siku ya Idi hakuna ngozi inayotoka mitaani kwetu bila kupitia kwake, kwa bei anayoitaka yeye. Ukikataa, vijana wake wanaichanachana ngozi yako kwa wembe ili asiinunue mtu mwingine. Na chumvi yote ya mtaa iko kwenye ghala lake. Alipopata habari za Shimu, alimsubiri mbele ya kibanda cha chai, vijana wamemzunguka.

"Nasikia dada injinia hataki chumvi yangu," alisema. "Hamna neno. Ukishindwa nitakuja mwenyewe, nikunyunyizie."

"Iweke kwa ajili ya vidonda vyako, Kaka Rintu," Shimu akamjibu, akapita zake.

Vijana walicheka, kisha wakamwona mkubwa wao hacheki, wakainamia chai zao. Mimi nilinoa visu vyangu vyote siku ile, hata visivyohitaji kunolewa.

Idi ikafika, mvua ikanyesha asubuhi na kuacha. Kufikia adhuhuri mifereji ilikuwa inatiririka nyekundu. Mimi nilikuwa nimechinjia watu tangu baada ya sala, na kwa kuwa waliniheshimu, wengine walinipa ngozi kimya kimya, wakichungulia nje kwanza. Tulikuwa na guta la kubebea, na mwendeshaji wake. Tulishapata ngozi nane zilizochunwa vibaya kabisa, zenye matundu na minofu, Shimu anafurahi kama aliyeokota dhahabu. Gafur alikuwa anapakia ya tisa vijana wa Rintu walipotokea kwenye kichochoro na nondo na mapanga.

Hawakusalimia. Wa kwanza alimpiga nondo ya tumbo mwendesha guta. Mimi nilimfungua mmoja mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kwa kisu cha kuchunia, na nasema kweli kwamba haikunipa tabu hata kidogo. Mwingine nilimkata sikio. Shimu walimshika nywele wakamburuta chini, kwenye damu ya ng'ombe, mpaka ikawa huwezi kujua ipi ni yake. Akamng'ata aliyemshika, akang'ang'ania hadi yule akapiga mayowe na kumwachia. Gafur alikuwa ameshika upande mmoja wa ile ngozi ya tisa, Rintu mwenyewe ameshika upande wa pili, wanavutana. Panga likashuka katikati. Ngozi ikapasuka, kaka yangu akaanguka chali na nusu yake, na kabla hajainuka nondo ikampiga mkono wa kulia mara mbili. Niliusikia mfupa. Huwa naisikia sauti hiyo kila siku juu ya gogo langu la bucha, ila siku ile nilitapika.

Polisi walikuwa pale kona. Walikuwa wanatazama juu, labda walikuwa wanahesabu kunguru. Watu wa mtaa ndio waliotoka na mafagio na vifuniko vya sufuria, na Rintu akaona haifai kuchinja mtu mbele ya akina mama siku ya Idi. Akarudi nyuma na nusu yake. Jioni ile tulisikia ameigongelea misumari kwenye mlango wa ghala lake, kila apitaye aione. "Hapa ngozi haipiti nzima," alisema.

Gafur alifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi begani. Shimu alishonwa kichwani, na nyuzi hazijakauka akarudi nyumbani kupaka dawa. Ngozi sita alizipaka, na ile nusu iliyobaki kwa baba yake pia akaipaka. Mbili akaziacha uchi kando ya ukuta. Nilimsihi apumzike. Akaniambia ngozi hazisubiri.

Siku zilizofuata zilikuwa za matofali. Yalikuwa yanashuka juu ya bati, na moja lilivunja dirisha la stoo zilimokuwa zile ngozi, jingine likampiga mke wangu bega. Nilimkamata mmoja wa wale vijana ukutani, nikamvunja vidole viwili nikamwachia. Shimu kila baada ya siku chache alikuwa anakata vipande vidogo, anavitia chupani na kuvipeleka maabara, kichwa kimefungwa bandeji, mtandio juu yake. Zile sita zilikuwa nzima, hazinuki ila mwarobaini. Zile mbili zilikuwa zinafanya kazi yake. Zilivimba, zikawa za kijani, funza wakaingia. Majirani walisimama mlangoni wakiuliza kama tumefiwa na hatujasema.

Na Gafur alikuwa amelala nyuma ya ukuta ule ule, na homa, akiivuta harufu ile usiku na mchana. Wengine tulisikia uvundo. Yeye alisikia anaitwa mzembe.

Asubuhi moja Shimu aliingia stoo akazikuta zile ngozi mbili nyeupe. Zilikuwa zimetiwa chumvi, zote mbili, kutoka shingo hadi mkia. Dirisha lilikuwa limevunjika, yeyote angeweza kupenya, na alikumbuka nani aliahidi kuja kumnyunyizia. Kando ya mlango kulikuwa na beleshi la baba yake la kuchotea chumvi. Akalichukua akatoka nalo.

Mimi nilikuwa buchani. Mwanamke mmoja alipita mbio akaniambia binti yenu anaenda kwa Rintu na beleshi. Nilikimbia na aproni yangu, kisu mkononi, lakini niliyoyakuta yalikuwa yameshatendeka. Rintu alikuwa amekaa kwenye benchi la chai. Shimu hakumuuliza kitu. Alimpiga usoni kwa ubapa, na alipoinama akamrudia kichwani kwa makali. Ngozi ya kichwa ilifunguka. Damu ilikuwa inadondoka ndani ya glasi ya chai.

"Umeniua," Shimu alikuwa anamwambia. "Mwaka wangu mzima umeniulia."

Vijana walikuwa wameshamwangusha, wanampiga mateke ya mbavu. Nilimshika wa karibu nywele, nikamwekea kisu kooni, nikabonyeza mpaka damu ikatoka kidogo, na wote wakasimama. Nilikuwa tayari kumaliza. Naapa nilikuwa tayari. Rintu akainua mkono, taulo kichwani, macho yamejaa damu.

"Kosa langu nini leo?"

Nikamwambia, chumvi uliyotia kwenye ngozi za mtoto.

"Chumvi gani?" Akanitazama kama mtu anayezungumza na mlevi. "Mzee, mimi nitachukua chumvi yangu, bei hii ya leo, niimwage bure kwenye ngozi ya mtu? Mimi ni mwendawazimu?"

Kisu kikalegea mkononi mwangu. Rintu anaweza kuua mtu, hilo halina ubishi. Ila kutoa chumvi bure hawezi.

Yule kijana nilimwachia tulipofika kona. Tulirudi nyumbani, Shimu anashikilia mbavu. Gafur alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, plasta begani, na mkono wake wa kushoto uko juu ya goti. Ndani ya mistari ya kiganja kulikuwa na weupe. Aliposikia tumetoka wapi, alikikunja kiganja kile.

"Ni mimi," alisema. "Niliamka alfajiri kusali. Nikasema nizitupie macho tu."

"Baba, nilikuambia."

"Uliniambia. Nilijua. Nilisimama pale nikiwa najua. Mkono ukaanza wenyewe, na wala si huu uliozoea."

Niliinua mkono kumpiga kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Shimu aliudaka mkono wangu hewani. Kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti. Tarehe ya kutetea tasnifu ilikuwa imeshapangwa. Zile ngozi mbili hazikuwa na maana tena, na ngozi za Idi hazipatikani mpaka mwaka mwingine. Ingebidi aanze upya na kundi la waliomfuata chuoni, au aandike uongo, na uongo hakuujua.

Kilio kikakatika ghafla. Akajifuta pua.

"Ile nusu," alisema.

Nusu ya Rintu ilikuwa bado iko mlangoni kwake. Haikutiwa chumvi wala dawa. Ilinyeshewa mvua, ikapigwa jua, ikaachwa ioze kwa kiburi tu, hata vijana wake walikuwa wanapita wameziba pua. Alikuwa ng'ombe yule yule, siku ile ile. Nusu moja ilipakwa dawa, nusu nyingine haikupakwa kitu. Hakuna mwalimu ambaye angeweza kuipinga.

Nikamwambia akae, nitakwenda kuing'oa mwenyewe. Akakataa. Alisema nikienda na kisu wataichoma moto kabla sijafika, kisha wanichome na mimi. Akaliokota tena beleshi, bado lina damu, akatoka. Nilimfuata kwa nyuma. Nilimwomba arudi, nikamtukana pia, na hakugeuka.

Rintu alikuwa ameketi mbele ya ghala, kichwa kimeshashonwa. Mtaa mzima ulikuwa umejazana, maana habari ilikuwa imeenea. Vijana wakasimama. Shimu alifika mbele yake, akaliweka beleshi miguuni pake.

"Nilikupiga kwa kosa ambalo si lako," alisema. "Nirudishie pigo hilo. Kisha unipe ile ngozi."

Rintu alilitazama beleshi, akatazama watu. Mtu kama yeye hawezi kusamehe mbele ya watu, ni sawa na mimi kuuza nyama kwa mkopo. Nililijua hilo, na Shimu alilijua kuliko mimi. Nikamwambia Rintu anipige mimi badala yake.

"Kaa kando, Mzee," akasema. "Hukunipiga wewe."

Alimpiga Shimu mara moja. Hakutumia nguvu zake zote, najua kupima uzito wa mkono, lakini zilitosha. Pembe ya beleshi ilimpata mdomoni. Miwani iliruka, meno mawili ya mbele yakaanguka kwenye matope, na taya likalia. Shimu alipiga magoti. Mimi sikuona tena kitu isipokuwa shingo ya Rintu, nene vile, na nilikuwa nimeshapiga hatua. Shimu akanyoosha kiganja chake nyuma, kunielekea mimi, bila kunitazama. Nikasimama. Mpaka leo sijui nilisimamaje.

Aliinuka. Akatema damu, akapapasa chini mpaka akaipata miwani, akaenda mlangoni na kuing'oa ngozi kwenye misumari kwa mikono yake. Funza walimwangukia mikononi. Vijana walitaka kucheka na hawakuweza. Rintu akawaambia wampishe, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na tukapita.

Nyumbani aliitandaza ile nusu palepale ukutani. Kusema hakuweza vizuri, lakini alisema.

"Baba, hii usiiguse."

Ilibaki kungoja siku ya vipimo vya mwisho. Gafur alihamia stoo. Alivuta kigoda akakaa mbele ya ile ngozi, mkono wa kulia kwenye plasta, wa kushoto ameubana kwapani kama mtu anayesikia baridi, na joto lilikuwa la kuunguza. Nilimlisha wali na dengu kwa mkono wangu mwenyewe, maana ule wa kwapani alikataa kuutoa isipokuwa kwa kutawadha. Jirani mmoja, mjane wa fundi wa ngozi, alikuja na bakuli la chumvi kwa kutuonea huruma. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumkemea hata paka, alimfukuza kwa matusi ambayo hata mimi nilijifunza mapya.

Siku ya kutetea nilimsindikiza. Nilivaa shati safi nikakaa kwenye korido, wanafunzi wananitazama mikono. Mlango walikuwa wameuacha wazi kwa sababu ya joto, au kwa sababu ya harufu. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya na maneno yalitoka kwa kubanwa, lakini hakuna aliyemwambia arudie. Aliwaambia kweli yote kuhusu zile ngozi mbili, kwamba zilitiwa chumvi na hazihesabiki. Mwalimu mmoja akauliza hii isiyotiwa kitu basi aliipata wapi.

"Kwa mtu," Shimu alisema. "Tulibadilishana."

Akaziweka zile nusu mbili mezani, akazisogeza mpaka mkato wa panga ukakutana. Ile iliyopakwa dawa waliiweka kwenye mashine ya kupimia uimara, ikavutwa, ikavutwa, ikashikilia. Ile nyingine haikufika kwenye mashine. Profesa aliishika tu, ikamchanikia vidoleni. Nilimwona akiitazama ile ngozi, kisha akalitazama lile taya, akafunika kalamu yake. Walimpa daraja la kwanza.

Rintu sijamsamehe. Tukikutana yeye hugusa kovu lake na mimi hugusa kiuno, kisha kila mtu hushika njia yake.

Shimu alileta tasnifu nyumbani ikiwa imejalidiwa, jalada jeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu. Gafur hajui kusoma hata lugha yetu, sembuse ile ya chuoni. Aliipapasa kwa macho tu, mkono wa kushoto bado uko kwapani. Akamwomba binti yake amsomee pale ilipotajwa ile ngozi ya mlangoni kwa Rintu. Shimu akafunua, akamsomea akigeuza kwa maneno yetu, hewa inampita kwenye pengo la meno.

"Nusu isiyotiwa chochote ilioza kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa, Baba."

Kaka yangu akaanza kulia. Akautoa ule mkono wa kushoto kwapani, akaunyoosha polepole, akamshika binti yake taya.